Mkono wa Kushoto wa Mama Neema

Papa Ilunga amefariki huko Lubumbashi. Aliyenipa habari ni Sipho, niliyejifunza naye kwake zamani, kwa ujumbe mfupi niliousoma jikoni asubuhi, chai ikichemka hadi kumwagikia jiko. Sikulizima. Nilisimama pale na simu mkononi nikiwaza jambo ambalo ni aibu kuliwaza wakati wa msiba: kwamba sasa hayupo tena wa kuniambia kama nilimkosea au sikumkosea. Wengine wakipata habari kama ile hulia. Mimi nilianza kujitetea, peke yangu, kwa sauti kabisa, nikijibu shtaka ambalo marehemu alinitolea mara moja tu maishani, tena kwa upole. Nikitaka kuueleza mwaka 2017, mwaka niliojifunza kupigana kwa fimbo Johannesburg kisha nikasaidia kukiua kile nilichojifunza, sina budi kuanza na tabia hii yangu ya kuwaza jambo hadi liharibike, maana katika habari hii hakuna adui mwingine. Nimemtafuta. Hayupo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada mbili, na mkataba wa miezi kumi na miwili wa kuingiza namba za vifurushi kwenye kompyuta katika ghala moja kubwa la Midrand. Wakenya wenzangu niliosoma nao walikuwa Sandton, kwenye mabenki, na Jumapili kanisani waliniuliza, "Umepata kitu?" kwa sauti ile ambayo watu huitumia wodini. Kila asubuhi nilifika getini nikakwama. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nikifikiria tu. Mkataba ukiisha je? Kibali cha kukaa kikiisha kabla ya mkataba? Jana nilipomjibu msimamizi "sawa", sikusikika kama mtu mwenye kiburi? Mkono wenye kadi ulitetemeka hadi mashine ya geti ikashindwa kuisoma. Mlinzi wa geti, ndiye Papa Ilunga, Mkongomani mwenye mabega mapana na mvi kidevuni, aliliangalia jambo hilo wiki mbili, kisha siku moja akanisemesha kwa Kiswahili bila hata kuniuliza natoka wapi.

"Dada, kadi iko ndani ya mkono. Mashine iko mbele. Sasa shida iko wapi?"

Nikamwambia mkono unatetemeka.

"Ninauona. Miye nilikuwaka napigana ngumi, nilitetemeka vile vile mpaka kengele inalia. Kuya Fordsburg siku ya posho." Aliona sijaelewa. "Jumamosi, ninyi Wakenya. Leta maji ya kunywa. Mengine yako pale."

Mahali penyewe palikuwa stoo, juu ya duka la vitambaa. Mwenye duka alimwachia Papa Ilunga chumba kile kila Jumamosi asubuhi kwa sharti moja: mzigo mpya ukifika, wanafunzi wayapandishe majora ngazi zote. Kuta nne zilikuwa zimeegemezwa majora ya hariri, kitenge na vitambaa vya harusi vyenye vimetameta, hivi kwamba fimbo ikimponyoka mtu haikugonga ukuta, ilizama kwenye rangi. Chini palitandikwa zulia kuukuu. Kulikuwa na dirisha moja, na kupitia hilo ilipanda harufu ya udi na sambusa. Tulipoanza kugonganisha fimbo, muuzaji wa chini aligonga dari mara tatu kwa mita yake ya mbao, naye Papa Ilunga akamjibu kwa kukanyaga mara tatu, na baada ya hapo kila mmoja aliendelea na kazi yake. Siku ya kwanza nilihesabu watu kumi na mmoja nikasimama karibu na mlango. Mwanamke mnene aliyefunga kilemba alinitazama akasema, bila kushusha sauti, "Huyu atakimbia." Jamaa mrefu aliyekuwa akifunga kamba za viatu akauliza kwa Kiingereza amesemaje, akatafsiriwa. "Eish," akasema, "usikimbie, sister. Ngazi za hapa ni mbaya." Hao walikuwa Mama Neema, msusi mwenye saluni yake Yeoville, na Sipho, fundi wa lifti kutoka KwaZulu, ambaye Kiswahili chake chote alikiokota humo stoo. Sikukimbia. Baada ya mwezi walikuwa wakiniita Profesa, na sijawahi kupewa jina nililolipenda kama lile.

Fimbo zetu zilikuwa za henzirani, na mchezo wenyewe ulitoka Ufilipino. Aliyeuleta Midrand ni fundi mmoja mzee wa foklifti, magari ya kunyanyulia mizigo, za ghala letu, aliyetembea na kijiti kifupi ndani ya mfuko wa ovaroli. Tulimwita Mang Dado. Mang kwao ni kama kusema mzee, kwa heshima. Miaka sita mfululizo, saa ya chakula cha mchana, nyuma ya makontena, alimfundisha Papa Ilunga mapigo kumi na mawili ya baba yake kwa mipini ya mifagio. La kwanza upande wa kushoto wa kichwa, la pili upande wa kulia, kisha mbavuni, tumboni, kifuani, magotini, halafu kupanda tena machoni, hadi la kumi na mbili ambalo hushuka wima juu ya utosi. Kwa mtindo wa baba yake, anayeshambuliwa hurudi nyuma hatua moja ndefu na kuupiga mkono wa adui kutoka mbali. Mkono wa kulia hufanya kazi yote. Wa kushoto hukaa kifuani ukingoja.

Kile tulichokicheza stoo kilikuwa kimekwenda mbali na hapo. Goti la kulia la Papa Ilunga liliumia zamani na halikumruhusu kurudi nyuma kwa haraka, kwa hiyo badala ya kurudi aliingia. Aliinamisha kichwa kama mpiga ngumi, akaingia ndani ya pigo kabla halijapata nguvu, bega kwa bega na mwenzake, na fimbo akaitumia kwa kitako chake. Sipho naye alikuja na fimbo ya pili. Kwao KwaZulu mkono wa kushoto hushika fimbo ya kujikinga, na pigo la mwenzako huteleza juu yake likaishia hewani. Kila mtu aliyekaa humo muda wa kutosha aliacha kitu. Nilikuwa na daftari na kalamu tatu, kwa kuwa sijui kukaa mahali bila kuandika: bluu kwa mambo ya Mang Dado, nyekundu kwa ya Papa Ilunga, kijani kwa ya watu wengine wote. Nilidhani nilikuwa nikiandika habari za fimbo. Leo nikilikumbuka daftari lile naona lilikuwa orodha ya maungo ya watu, goti la huyu, bega la yule, na namna walivyosaidiana kuishi nayo.

Bega nililosema lilikuwa la Mama Neema. Lilikuwa limekufa nusu. Saluni kwake wateja walikalia kigoda kifupi ili vichwa vifike pale mikono yake ilipo, kwa maana kiwiko cha kulia hakikupanda juu ya kifua. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu ikafika zamu yake ya kukinga pigo la kumi na mbili.

"Fimbo juu, mama," alisema Papa Ilunga.

"Juu iko hapa." Ilikuwa kidevuni.

"Hapo nitakupasua."

"Basi pasua. Wateja wangu wanajua unalinda geti gani."

Sipho alicheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka, akamwekea Mama Neema fimbo ya pili katika mkono wa kushoto, akaiinamisha juu ya kilemba chake kama paa la banda. Papa Ilunga akapiga. Pigo likateleza likaishia pembeni. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Baada ya hapo Mama Neema alibaki amesimama mbali na adui akiwa na mkono wa kulia usiofika popote, na kazi ya kumtoa pale ilichukua karibu saa tatu. Walijaribu hatua za pembeni. Walijaribu kuzunguka. Mwishowe Papa Ilunga, ambaye goti lilikuwa limeanza kumuuma, akasema, "Ingia kama miye. Ingia kama vile mteja anataka kutoka na nywele nusu." Mama Neema akaingia. Kushoto juu, kiwiko cha kulia kimegandamana na mbavu, na kitako cha fimbo kikapanda kutoka chini kikasimama chini ya kidevu cha Papa Ilunga, pale ambapo mtu aliyeinua mkono kukupiga utosini hana kinga yoyote. Walirudia mara kumi. Mara ya kumi Papa Ilunga aliketi juu ya jora la hariri akijipapasa taya.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Yangu," alisema Sipho. "Fimbo ni yangu."

"Kuingia ni kwangu."

"Bega ni langu," alisema Mama Neema. "Ninyi wote mumekuya kutembea tu."

Tukaiita kushoto ya Mama Neema, na miezi miwili baadaye watu wote walikuwa wakiitumia, hata wenye mabega mazima, kwa sababu ilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote tulichokuwa nacho. Niliiandika kurasa nne, kijani na nyekundu. Hapakuwa na mstari mmoja wa bluu. Katika majuma yale mkono wangu uliacha kutetemeka getini. Sikuligundua mara moja, Papa Ilunga ndiye aliyeniambia, akinipungia niingie, "Mashine imeanza kukupenda." Baada ya mazoezi tulikula palepale zuliani, juu ya karatasi kubwa za kufungia vitambaa. Mama Neema alileta sufuria iliyofungwa ndani ya blanketi, bukari na sombe, yaani kisamvu, siku nyingine samaki wa chumvi. Sipho aliita bukari pap, Mama Neema akasema pap ni ya watoto wagonjwa, mimi nikasema kwetu ni ugali, na wote wawili wakanigeukia kwa pamoja wakisema ugali wa Kenya unaweza kujengea ukuta. Nimekula katika hoteli nzuri tangu wakati ule. Nikiwa mpweke, chakula ninachokiona akilini ni kile, na mikono minne juu ya karatasi ya kahawia.

Mwezi wa sita tulisikia kwamba Mang Dado anastaafu na mwezi wa tisa atarudi kwao. Alimwambia Papa Ilunga kwamba kabla ya kuondoka atakuja Fordsburg Jumamosi moja kuona anachofundisha, na akiridhika atampa barua yenye jina la baba yake, ya kusema mtu huyu ana ruhusa ya kuufundisha mchezo wao. Barua ile ilikuwa kitu kikubwa. Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa tayari kumwajiri Papa Ilunga kufundisha walinzi, mradi awe na karatasi kutoka kwa mwalimu anayetambulika. Angetoka kwenye kibanda cha geti, ambako alisimama saa kumi na mbili kila siku kwa goti lile, akawa mwalimu. Hakulizungumzia sana. Nilimwona tu akinyoa vizuri zaidi.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kahawa ghalani nikamsikia Mang Dado, mbele yangu, akimwambia fundi mwenzake, "Baba yangu alinichapa kwa fimbo hiyohiyo nikiusogeza mguu vibaya. Mguu tu." Alicheka alipokuwa akisema. Kicheko kile sikukitia maanani. Nilirudi mezani kwangu na maneno yale matatu, mguu, vibaya, alinichapa, nikayageuza kutwa nzima, na nilipofika chumbani nikafungua daftari nikaanza kuhesabu mistari. Bluu haikufika robo. Mistari iliyobaki yote ilikuwa yetu: mguu umesogezwa, mkono umebadilishwa, fimbo imeongezwa, hatua ya kurudi imekuwa hatua ya kuingia. Nilimwona yule mzee ameketi juu ya jora anatazama tulichomfanyia baba yake. Nilimwona anainuka. Niliona kibanda cha geti. Sikulala vizuri hadi Jumamosi.

Niliwaonyesha daftari kabla ya mazoezi. Nilizungumza muda mrefu, na kwa mpangilio mzuri, hilo nalijua, kwa kuwa nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye teksi.

"Mang Dado anajua goti langu," alisema Papa Ilunga.

"Anajua goti. Hajui fimbo ya Sipho. Hajui ya Mama Neema. Akija akaona mchanganyiko huu ataona tumeuchukua urithi wa baba yake tukautia uchafu."

Neno lilitoka. Nilikuwa nimetafuta neno zuri zaidi siku tano na sikulipata.

"Si tumuulize mzee?" alisema Sipho. "Mzee yupo Midrand. Wewe unamwona kila siku. Uliza tu, sharp, imekwisha."

Na hili nilikuwa na jibu lake pia. Nikamweleza kwamba ukiuliza na mtu akakataa, umefunga mlango mwenyewe, lakini ukimwonyesha kwanza kilicho safi na kumpa furaha yake, baadaye unaweza kumweleza mengine kidogokidogo. Sipho aliniangalia kama mtu anayesikiliza lifti yenye mlio ambao haujui. Papa Ilunga alikuwa akitazama daftari, kurasa zenye rangi tatu, ambazo nadhani hakuwahi kuziangalia kwa karibu. Akapitisha kidole juu ya mistari ya bluu.

"Na miye, Profesa?" aliuliza Mama Neema. "Ndani ya hii safi yako, miye ninasimama wapi?"

"Ni kwa siku hiyo moja tu, mama. Baadaye tunarudi."

Akafikiri kidogo. "Siku moja. Sawa. Nitapika."

Kwa miezi mitatu tulicheza bluu peke yake. Siwezi kukataa kwamba ilipendeza. Watu kumi wakirudi nyuma hatua moja kwa pamoja, mikono ya kushoto kifuani, fimbo zikipiga sauti moja; muuzaji wa chini aliacha kugonga dari. Papa Ilunga alifunga goti bandeji, kisha bandeji mbili. Fimbo ya pili ya Sipho ilisimama pembeni kati ya majora. Mama Neema alikuja Jumamosi mbili akakaa karibu na dirisha, akashindwa pigo la kumi na mbili kwa mtindo wa zamani kama alivyoshindwa mwanzoni, kisha akaacha kuja, akatuambia kwamba sasa Jumamosi wateja ni wengi. Nilinakili mistari ya bluu kwenye kitabu kipya, kwa mwandiko mzuri, nikakifunga kwa ringi katika duka la vifaa vya ofisi. Na juma la mwisho kabla Mang Dado hajaja nikaanza kuogopa daftari la zamani. Angelikuta kwa bahati mbaya je? Angeomba kuliona? Niliwaza kulificha, nikawaza mahali pa kulificha, nikawaza nitakavyoonekana nikikutwa nimelificha. Siku ya Alhamisi nililipeleka kazini nikalipitisha, kurasa chache kila mara, kwenye mashine ya kukatia karatasi. Kijani na nyekundu zilitoka nyuzinyuzi, zikachanganyika na risiti za watu. Nilijisikia mwepesi siku nzima.

Mang Dado alikuja amevaa shati jeupe jembamba lenye nakshi kifuani, mikono yenye mafuta ya mashine yasiyotoka kwenye kucha. Alikataa kiti, akaketi juu ya jora, kama nilivyokuwa nimemwona akilini. Papa Ilunga alitoa amri, na mapigo yakaanza, la kwanza hadi la kumi na mbili, kurudi na kwenda. Tulipomaliza mzee alikuwa akilia bila kujifuta. "Huyu ni baba yangu," alisema kwa Kiingereza chake. "Mnaona? Baba yangu yuko hapa, katika chumba cha nguo." Aliinuka akarekebisha kiwiko cha mtu mmoja, akarudi kukaa, akasema tena kwamba ni baba yake. Mimi nilikuwa na furaha ambayo hata leo sijui niiweke wapi. Nilikuwa nimewaza sana kuhusu jambo, na kwa mara ya kwanza maishani jambo hilo likawa kama nilivyolipanga.

Mama Neema alikuja na sufuria mbili. Tuliketi kuizunguka karatasi, na Mang Dado, aliyepewa kipande kikubwa cha samaki, akamtazama mama aliyemgawia akauliza, "Na wewe? Wewe huchezi?" Mama Neema alielewa. Lakini alijibu kwa Kiswahili, macho yakiwa kwenye mwiko. "Miye ni mpishi." Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeketi kati yao, wote walinigeukia nitafsiri. Nilitafsiri. Nilisema, anasema yeye ni mpishi. Ilikuwa sentensi fupi, na mwishoni mwake palikuwa na nafasi ya kuongeza neno moja: "lakini". Nimeirudia nafasi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mtu. Mang Dado alisema chakula ni kizuri sana.

Kisha akatoa barua. Kabla ya kuikabidhi alikishika kiganja cha Papa Ilunga kwa mikono yake miwili. Akasema hana mtoto wa kiume, binti zake hawakupenda fimbo, na alidhani kwamba baba yake atazikwa mara ya pili pamoja na yeye. "Usiubadilishe," akasema. "Niahidi. Hata mguu." Papa Ilunga hakunitazama. Ningependa kuandika kwamba alinitazama, ingekuwa rahisi zaidi. Alimtazama mzee machoni akasema, "Nimeahidi." Sipho aliweka tonge lake chini. Tulipomaliza kula aliitoa fimbo yake kati ya majora, akashuka ngazi, na sikumwona tena chumbani mle.

Mwezi wa kumi nilikwenda Yeoville. Mama Neema alikuwa akimsuka msichana aliyekalia kigoda kile kifupi, redio ikiimba kwa Kilingala, na harufu ya mafuta ya nazi na nywele zilizochomwa ncha.

"Siku moja imeisha?" aliuliza.

Nikamweleza kuhusu ahadi. Nikamwambia kwamba nimekuja na daftari jipya, anionyeshe tu, mimi niandike kila kitu upya, kisha tutaona. Alimwomba msichana radhi, akachukua kitana chenye mkia mrefu mkono wa kushoto na mpini wa ufagio mkono wa kulia. Kushoto kukapanda juu ya kilemba. "Hapa inateleza," alisema. "Halafu yeye anakuya hivi... hapana. Miye ndiye ninaingia. Halafu—" Alisimama. Alirudia mwanzo, akasimama palepale. "Inataka mtu wa kupiga. Mikono inajua yenyewe kama mtu anapiga." Nikachukua mwamvuli uliokuwa mlangoni nikampiga utosini, na nilipofika nusu nilikumbuka bega lake, nikapunguza, nikasema samahani. Tukajaribu tena. Nikapunguza tena.

"Weye unapiga kama mtu anaomba ruhusa," alisema. Akarudisha kitana kwenye kikombe chake, akamgeukia msichana, akashika alipoachia. Hakukasirika. Aliniuliza kama nakula vizuri.

Mwezi wa kumi na moja tukapata habari kwamba Mang Dado amefariki kwao. Mwezi wa kumi na mbili mkataba wangu ukaisha, na siku nne kabla ya kurudi Nairobi nilikwenda kumuaga Papa Ilunga kwenye chumba chake Rosettenville, alasiri, watoto wa jirani wakicheza mpira ukutani na kuitana kwa Kizulu. Ile kampuni ilimwajiri kweli. Alifundisha walinzi majuma saba, kurudi nyuma, kurudi nyuma, mara mia kwa siku, na juma la nane goti likakataa kubeba mwili. Walimwambia kwamba hawawezi kulipa mwalimu anayefundisha akiwa kitini, na nafasi yake ya getini ilishapewa mtu mwingine. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Barua ya Mang Dado ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, juu ya kabati. Alinipa soda, akaniuliza habari za ndege.

Nilimwambia kilichonileta. Nikasema mzee hayupo tena, na kwamba hahitaji kusimama wala kufundisha mtu, aniambie tu kwa maneno kushoto ya Mama Neema ilikwendaje, mguu upi mbele, bega linageuka lini, nami nitaandika, na itabaki kati yetu.

"Nimeahidi mzee," alisema.

"Papa, mzee hakujua. Angejua labda asingesema vile."

"Labda." Alikuwa akilisugua goti taratibu. "Sipho alisema tumuulize. Unakumbuka? Weye ukasema hapana. Uliniambia hii ni uchafu, Profesa. Miye sikuona uchafu. Lakini nilisema, huyu amesoma, anaona kitu miye sikioni."

Mpira uligonga ukuta. Kisha aliona kitabu cha ringi kimechomoza kwenye mkoba wangu, kile cha bluu, ambacho nilikuwa nimemletea kama zawadi ya kuagana. Akaniambia nimsomee, maana miwani yake ilivunjika.

Nikasoma. La kwanza, upande wa kushoto wa kichwa. Mkono wake wa kulia ukapanda bila fimbo, ukakata hewa, ukarudi. La pili, upande wa kulia. Nilisoma polepole, kwa Kiswahili changu cha vitabu, mstari kwa mstari, naye akafuata ameketi, amefumba macho, kila pigo mahali pake, safi kabisa. Nilipofika penye maelekezo ya hatua ya kurudi nyuma niliruka, akaniambia nisiruke. Nilisoma hadi la kumi na mbili. Mkono wake wa kushoto haukuondoka juu ya goti.